Maswali ya Wasomaji: Kumchora Mtu Aliyeketi kwa Kunakili Picha ya Zamani

Nimepokea barua nne kutoka kwa wasomaji wanaojifunza kuchora watu kwa rangi, na zote zinahusu kumchora mtu aliyeketi kwa kufuata picha ambayo tayari ipo. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa kuwa nyingine tatu zinaitegemea.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa muda sasa nimekuwa nikichora nyuso kwa penseli kutoka kwenye picha za simu. Sasa nataka kumchora mama yangu mwili mzima, akiwa ameketi kitini, kwa rangi za mafuta. Rafiki yangu aliyesomea sanaa ananishauri ninakili kwanza picha ya msanii mashuhuri kabla ya kumkalisha mama. Je, huko si kujifunza kuiga tu? Na kama ushauri huo ni mzuri, nichague picha ipi na nianzie wapi? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Rafiki yako amekushauri vema. Mwezi Februari 1890, mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, akiwa anatibiwa maradhi ya akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, alichukua mchoro ambao mchoraji mwenzake Paul Gauguin alikuwa amemchora Bi Ginoux, mwenye mkahawa katika mji wa Arles, mwishoni mwa mwaka 1888, akautumia kutengeneza picha kadhaa za rangi za mama huyo akiwa ameketi, kiwiko mezani na vitabu mbele yake. Mistari ilikuwa ya Gauguin, rangi zilikuwa za Van Gogh. Katika miezi hiyohiyo alikuwa akinakili pia kazi za Jean-François Millet kutoka kwenye chapa zisizo na rangi, akiamua mwenyewe rangi ipi ikae wapi. Wakati huo alikwisha kumaliza kazi nyingi ambazo leo zinamfanya ajulikane duniani, na bado aliona kuna jambo la kujifunza katika kufuata mkono wa mwenzake.

Kuhusu picha ya kunakili, wengi wangekuelekeza kwa Mona Lisa, ambaye watu husahau kwamba naye ameketi, mkono wake ukiwa umelala juu ya mkono wa kiti. Mimi nisingekupeleka huko. Picha ile imejengwa kwa tabaka nyingi nyembamba zinazoyeyusha kila ukingo, na mwanafunzi akiifuata hubaki na ukungu asioweza kuueleza. Kwa shabaha yako ninapendekeza picha ambayo James McNeill Whistler, Mmarekani aliyeishi London, alimchora mama yake, Bi Anna, mwaka 1871. Jina aliloipa ni Mpangilio wa Kijivu na Nyeusi Na. 1, ingawa watu huiita Mama wa Whistler. Serikali ya Ufaransa iliinunua mwaka 1891, na sasa ni mali ya Jumba la Makumbusho la Orsay, Paris.

Bibi huyo mzee ameketi kwa upande, akielekea kushoto kwetu. Gauni jeusi limemfunika hadi miguuni, kofia nyeupe yenye lesi inamshukia mabegani, mikono imetulia mapajani ikiwa na leso, na miguu imewekwa juu ya kibao cha kukanyagia. Nyuma yake kuna ukuta wa kijivu wenye picha ndogo ndani ya fremu, na upande wa kushoto linashuka pazia zito lenye mapambo.

Nimeichagua kwanza kwa sababu ya ule upande. Mtu akiketi akikutazama uso kwa uso, mapaja yake yanakuelekea, kwa hiyo huonekana mafupi mno. Mwanafunzi, kwa kuwa anajua kichwani mwake kwamba paja ni refu, hulichora refu, na mtu wake akaonekana anateleza kutoka kitini. Anayeonekana kwa upande hukuonyesha urefu wote wa paja, pembe ya goti na mstari wa mgongo bila kuficha kitu, nawe unajifunza kuketi kulivyo kabla ya kukabiliana na ugumu wa ufupi ule. Sababu ya pili ni rangi chache. Ukiondoa pazia na ngozi, karibu kila kitu ni kijivu au cheusi, kwa hiyo macho yako yatashughulika na kina cha rangi, yaani ilivyo nyepesi au nzito, bila kuhangaishwa na nyekundu na kijani.

Sasa vipimo. Picha halisi ina kimo cha sentimita 144.3 na upana wa sentimita 162.5. Tengeneza turubai ya kuchorea yenye kimo cha sentimita 40 na upana wa 45, kwa kuwa uwiano wake karibu unalingana kabisa na ule wa picha halisi, kisha uigawe katika miraba ya sentimita tano. Utapata miraba minane kwenda juu na tisa kwenda upande. Nenda steshenari ukachapishe nakala yenye kimo cha sentimita 16 na upana wa 18, ambayo inaenea vizuri kwenye karatasi ya A4, nayo uigawe katika miraba ya sentimita mbili. Mraba wa tatu wa mstari wa nne kwenye karatasi ndio mraba wa tatu wa mstari wa nne kwenye turubai, na kilichomo humo ndicho unachohamisha. Picha yenyewe ipakue kutoka kwenye tovuti ya makumbusho, maana nakala zinazozagaa mitandaoni mara nyingi zimekatwa kingo au zimekolezwa rangi. Katika picha hii kingo ni muhimu mno: juu upande wa kulia kuna kipande cha fremu nyingine iliyokatwa na ukingo wa turubai, na kipande hicho kikikosekana ukuta wote huonekana mtupu nyuma ya mgongo wa Bi Anna.

Kabla hujagusa turubai, chora kwa penseli vipicha vitatu au vinne vidogo, kila kimoja kikitoshea kiganjani, ukitumia vina vitatu tu: cheupe, kijivu na cheusi. Finya macho unapoitazama nakala. Utaona kwamba gauni na kiti vinaungana na kuwa umbo moja zito, na kwamba weupe uko mahali pachache mno: kichwani, mikononi, na kwenye karatasi ya ile picha ya ukutani. Ukiona umevipata hivyo katika kipicha kidogo, nusu ya kazi imekwisha, ingawa ninajua wengi wenu mtairuka hatua hii kwa sababu haina raha ya rangi.

Kwenye turubai, anza na mistari mirefu: ukingo wa pazia, mahali ukuta unapokutana na sakafu, pande za fremu ya ukutani. Halafu chora kiti chote, hata sehemu ambazo gauni litazifunika. Ndipo umketishe bibi. Uso uwe wa mwisho kabisa. Wewe uliyezoea kuchora nyuso utatamani kuanzia hapo, na nitakusihi usifanye hivyo, kwa kuwa uso uliokwisha kupendeza huwa mgumu kuusogeza hata ukigundua umekaa kidole kimoja juu zaidi ya inavyotakiwa.

Turubai nyeupe itakudanganya kuhusu vina, kwa hiyo ipake kwanza kijivu chepesi chenye ukahawia kidogo, na uiache ikauke. Changanya kijivu cha ukuta kwa wingi wa kutosha kumalizia ukuta wote, maana ukiishiwa katikati hutaupata tena uleule. Weusi wa gauni usiutoe moja kwa moja kwenye tyubu. Changanya buluu ya altramarini na kahawia ya amba iliyochomwa mpaka upate weusi unaoweza kuusogeza kuelekea ubaridi, yaani ubuluu, au joto, yaani ukahawia. Whistler alizoea kuipunguza rangi kwa mafuta na tapentaini hadi karibu imwagike, kisha kuitandaza kwa mapana, na pale isipomridhisha aliikwangua na kuanza upya. Mfuate katika wepesi huo. Tabaka za kwanza ziwe na tapentaini zaidi na za juu ziwe na mafuta zaidi, kwa sababu tabaka lenye mafuta mengi huchelewa kukauka, na likiwekwa chini ya lisilo na mafuta hupasua picha baada ya muda. Dirisha liwe wazi. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunjie pamoja kwenye ndoo, kwani mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na fungu la vitambaa linaweza kuwaka moto lenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Ile kofia itakuhitaji utulie. Ukiitazama kwa karibu, lesi inayoshuka begani haikuchorwa uzi kwa uzi: ni nyeupe nyembamba iliyopitishwa juu ya kijivu na nyeusi vilivyokwisha kuwapo, hivi kwamba ukuta unaonekana kupitia humo, na ni sehemu chache tu za ukingo zilizotiwa alama kali. Subiri ukuta na bega vikauke kabisa, chukua nyeupe uliyoivunja kwa kijivu kidogo, futa brashi yako karibu ikauke, kisha uipitishe mara moja na kuiacha. Anayeirudia huishia na plasta. Mikono nayo ichukulie kama umbo moja jepesi juu ya gauni jeusi kabla ya kutafuta vidole, na ulinganishe wepesi wake na ule wa uso na wa leso, maana vitu hivyo vitatu havina kina kimoja.

Ukimaliza, mkalishe mama. Mpe mpangilio uleule: ukuta mmoja, kitu cha mraba ukutani, pazia upande anaoelekea, naye kwa upande. Whistler mwenyewe alifanya hivyo. Mwaka 1872 na 1873 alimchora mwandishi na mwanahistoria wa Uskoti, Thomas Carlyle, aliyeipenda picha ya Bi Anna na kukubali kuchorwa. Kazi hiyo aliiita Mpangilio wa Kijivu na Nyeusi Na. 2, na leo iko Glasgow. Carlyle naye ameketi kwa upande, akielekea kushoto, mbele ya ukuta wa kijivu, lakini safari hii turubai ni ya wima, kofia iko juu ya goti, na koti limejikunja kifuani kama la mzee aliyekwisha kuchoka kukaa. Ziweke picha hizo mbili kando kwa kando kwenye skrini kabla hujamwita mama. Utaona ni mambo gani yalibaki na ni yapi yalilazimika kubadilika kwa sababu aliyekaa kitini amebadilika, na hilo ndilo utakalolikuta kwako: kiti chenu kitakuwa kifupi au kirefu zaidi, mama atakaa kwa namna yake, na miraba haitakuwapo ya kukushika mkono.

SWALI: Nimenakili picha ya mwanamke aliyeketi, na kwa uso kila mtu anasema nimepata. Lakini mume wangu anasema mtu wangu anaelea, kana kwamba kiti kimebandikwa baadaye. Ninaona ni kweli ila sijui kosa liko wapi. — Msomaji, Mombasa

JIBU: Bi Msomaji, mumeo ana jicho zuri. Ninavyodhani, ulimchora mtu kwanza na kiti ukakitafutia nafasi iliyobaki. Kosa hilo ni la kawaida sana kwa wanaonakili, kwa sababu anayehamisha mistari ya nje huhamisha pia mistari ya kiti bila kujiuliza kipi kimebeba kipi.

Chukua karatasi nyembamba, iweke juu ya nakala ya picha uliyoifuata, na uchore kiti peke yake kana kwamba hakuna mtu. Miguu minne ya kiti ikutane na sakafu katika pembe nne zinazowezekana. Ukiunganisha pembe hizo kwa mistari utapata umbo la pembe nne lililolala sakafuni, na nyayo za mtu wako lazima zikanyage sakafu hiyohiyo. Kisha tia alama kila mahali mwili unapogusa kitu: makalio kwenye kikalio, mgongo kwenye egemeo, kiwiko kwenye mkono wa kiti, soli sakafuni. Katika sehemu hizo nguo hubanwa na kivuli huwa chembamba na kizito kuliko vivuli vyote vilivyo karibu. Wanafunzi hukifanya kipana na chepesi, na mwanga huo unaopenya kati ya mwili na kiti ndio unaomwinua mtu.

Pima pia kwa kichwa. Kwa mtu mzima wa kawaida aliyekaa wima, kutoka utosini hadi kwenye kikalio ni karibu vichwa vinne, na kutoka hapo hadi sakafuni ni karibu vichwa viwili. Vipimo hivi si sheria, kwa kuwa mzee aliyejikunja hupungua na mwenye miguu mirefu huzidi, lakini ukikuta mtu wako ana vichwa vitano kutoka utosini hadi kwenye kikalio, huhitaji kutafuta sababu nyingine. Halafu mwombe mtu wa nyumbani aketi namna ileile kwa dakika kumi, umzunguke. Tazama nguo inavyovutwa juu ya goti na kulegea katikati ya mapaja. Msanii uliyemnakili aliliona hilo kwa mtu hai, nawe ukiliona utaelewa kwa nini aliweka mkunjo pale.

SWALI: Picha zinazopendekezwa kwa mazoezi karibu zote ni za Wazungu. Nikizinakili, nitamchoraje bibi yangu ambaye ni mweusi tititi na havai ila khanga? — Msomaji, Tanga

JIBU: Swali lako ni la haki. Kukaa, kiti, kivuli na mpangilio utavipata kwa Whistler. Ngozi utaitafuta kwingine. Iko picha ya mwaka 1800 ya mchoraji wa Kifaransa Marie-Guillemine Benoist, inayohifadhiwa katika makumbusho ya Louvre, Paris, inayomwonyesha mwanamke mweusi aliyetoka kisiwa cha Guadeloupe akiwa ameketi kwenye kiti cha mikono, kilemba cheupe kichwani. Kwa muda mrefu iliitwa kwa rangi ya ngozi yake tu, hadi maonyesho ya Paris ya mwaka 2019 yalipotangaza jina lake, Madeleine. Amechorwa kifua wazi upande mmoja, jambo ambalo wengi wetu hatungelitundika sebuleni, kwa hiyo nakili kichwa, kilemba, shingo na bega, na uishie hapo.

Jambo la kutazama ni kwamba hakuna mahali ngozi ile ilipotiwa weusi mtupu ili iwe nyeusi. Anza na amba iliyochomwa pamoja na siena iliyochomwa, yaani kahawia yenye wekundu, ongeza altramarini unapoelekea kivulini na njano ya udongo unapoelekea kwenye mwanga. Kwenye paji la uso, pua na mfupa wa shavu, ngozi nyeusi huakisi mwanga kwa ukali kuliko ngozi nyeupe, na kama bibi ameketi karibu na dirisha, mng'ao huo una ubuluu wa anga. Ukiuweka wa njano au mweupe mtupu ataonekana amepakwa mafuta. Chini ya kidevu, kinyume chake, hupanda joto la nguo aliyovaa.

Khanga isikutishe. Paka kwanza mwanga na kivuli cha kitambaa kana kwamba hakina maua, kisha uweke mapambo juu yake, yakififia yanapoingia kwenye mkunjo na kukatika panapokatika kitambaa. Anza na pindo, kwa kuwa likitandazwa ni mstari ulionyooka, na likipita juu ya goti hupinda sawasawa na goti linavyopinda. Ukilifuata kwa uaminifu, litakuonyesha umbo la mguu ulio chini yake kuliko kivuli chochote. Maandishi yachore yanayosomeka tu, yaliyozama kwenye mkunjo yaache yazame.

SWALI: Je, ninaruhusiwa kuuza nakala niliyoichora, na niweke sahihi ya nani? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Kwa sheria za Tanzania na za Kenya, hakimiliki ya kazi ya sanaa hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kufa kwake. Whistler alifariki mwaka 1903 na Benoist mwaka 1826, kwa hiyo kazi zao hazina kizuizi hicho tena. Picha ya msanii aliye hai, au aliyefariki karibuni, usiiuze nakala yake bila idhini yake au ya warithi wake, hata kama ulijifunza kwayo nyumbani kwa nia njema.

Kuuza si vibaya, mradi mnunuzi ajue anachonunua. Louvre, ambayo imewaruhusu wasanii kunakili ndani ya kumbi zake tangu mwaka 1793, inawataka wafanye nakala iliyo kubwa au ndogo kuliko picha halisi kwa angalau sehemu moja ya tano, na hairuhusu sahihi ya msanii wa asili kuigwa. Turubai ya sentimita 40 kwa 45 niliyoieleza hapo juu haitamchanganya mtu kwa ukubwa. Nyuma yake andika jina lako, mwaka, na maneno "nakala kutoka kwa Whistler" kwa wino usiofutika, na uandike kwenye turubai yenyewe, kwa sababu fremu hubadilishwa.